Simba Wetu, Okestra Yao: Nani Alitunga Sauti ya Tsavo?

Nikikwambia Voi iko ndani ya muvi iliyobeba Oscar saba, utaniuliza nimekunywa nini. Lakini si mchezo. Tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka uwanja wa Voi, haikufika mbali, ikaanguka na kuwaka moto. Ndani yake walikufa watu wawili: Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa mwindaji na rubani, na Kamau, Mkikuyu aliyekuwa akimfanyia kazi. Huyo Finch Hatton ndiye Robert Redford anamuigiza kwenye Out of Africa ya 1985. Muvi hiyo ilishinda Oscar saba mwaka wa 1986, na moja ya hizo saba ilikuwa ya muziki. Aliyeichukua ni John Barry, Mwingereza kutoka mji wa York.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo Oscar ya muziki, na nyingine kadhaa. Mimi ni mtu wa muziki wa muvi na gemu. Wengine wakitoka kuangalia muvi wanabishana kuhusu mwigizaji na mwisho wa stori, mimi natafuta jina la aliyetunga muziki. Na nikiangalia zile ngoma za muvi na gemu ninazozipenda zaidi, nyingi zina kitu kimoja: zinahusu hapa kwetu. Tsavo, Kenya, Tanzania, Kiswahili. Halafu zina kitu cha pili: karibu zote zilitungwa na watu wasioishi hapa.

Sisemi hivyo ndio tuanze kulia. Ngoma kali ni kali, haijalishi imetoka wapi. Lakini hii ni historia ya karibu miaka 75, na mtu wa Taita Taveta anafaa kuijua, manake mwishoni kuna swali la pesa na la jina.

Tuanze na simba

Hii stori kila mtoto wa Voi ameisikia. Mwaka wa 1898 reli ya Uganda ilikuwa imetoka Mombasa, imepita Voi, imefika mto Tsavo. Waingereza walikuwa wameleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India wakati wa ujenzi wote wa reli. Pale Tsavo simba wawili madume, wasio na manyoya ya shingoni, wakaanza kuingia kambini usiku na kubeba watu. Ilichukua miezi tisa. Mhandisi John Henry Patterson aliwapiga risasi wote wawili Desemba 1898. Baadaye alisema waliua watu 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao na kuchapisha utafiti wao 2009 walikadiria kama 35. Ukitaka kuwaona simba wenyewe leo, usiende Tsavo. Wako kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, tangu Patterson alipouza ngozi zao miaka ya 1920.

Hollywood ilishika hii stori mapema. Mwaka wa 1952 ilitoka muvi inaitwa Bwana Devil. Ukiipata leo utacheka, ni ya zamani sana, lakini kwenye historia ya sinema ina jina kubwa: ndiyo muvi ndefu ya kwanza ya Marekani ya rangi iliyotumia 3D, na ndiyo iliyoanzisha ule wazimu wa miwani ya 3D miaka ya hamsini. Yaani kabla dunia ivae miwani kuangalia Avatar, ilivaa miwani kuangalia simba wa Tsavo. Muvi ilipigwa California. Muziki ulitungwa na Gordon Jenkins, mtu aliyezoea kupangia okestra za Frank Sinatra na Nat King Cole. Kwa hivyo mara ya kwanza Tsavo ilipopewa muziki wa sinema, ilipewa na mtu wa nyimbo za mapenzi za Marekani.

Miaka 44 baadaye, 1996, ikaja The Ghost and the Darkness, na Val Kilmer na Michael Douglas. Hii wengi mmeiona. Ilipigwa Afrika Kusini. Ilishinda Oscar ya kuhariri athari za sauti, ile kazi ya kutengeneza ngurumo, nyasi zikipasuliwa na pumzi ya mnyama gizani. Fikiria kidogo: Tsavo imeshinda Oscar kwa sababu ya mngurumo, na hakuna hata sekunde moja ya muvi iliyopigwa Tsavo.

Lakini muziki wake ndio nataka usikize. Ni wa Jerry Goldsmith, mmoja wa wakubwa kabisa wa kazi hii. Alichofanya ni ujanja. Patterson alizaliwa Ireland, kwa hivyo Goldsmith akampa wimbo wenye harufu ya Ireland. Halafu chini yake akaweka ngoma na sauti za Kiafrika zikiimba kwa kikundi. Mwanzoni hivi vitu viwili vinakaa mbalimbali, kila mtu na njia yake. Kadiri muvi inavyoenda vinaanza kugongana, na mwisho vinakuwa kitu kimoja. Ukiskiza na iafoni, macho umefunga, unaelewa stori yote bila kuona picha: mgeni amefika mahali ambapo hajui, anadhani ataweka daraja aende zake, na mahali penyewe panamjibu.

Ndiyo sababu naipenda. Lakini uliza swali dogo tu: zile sauti za Kiafrika zinaimba Kidawida? Kikamba? Kiswahili? Kwa sikio la Hollywood ya wakati ule, swali hilo halikuwa na maana. Zilikuwa sauti za "Afrika", basi. Na Tsavo ya 1898 haikuwa "Afrika" tu. Kulikuwa na Wahindi wakiimba nyimbo za kwao jioni kambini. Kulikuwa na Waswahili kutoka Mombasa, Wakamba, na Wataita ambao milima yao inaonekana ukisimama Voi. Kelele ya lugha ilikuwa kubwa kuliko ya simba.

Mtu mmoja, Kenya mara mbili

Rudi kwa John Barry. Kama unajua muziki wa James Bond, unamjua hata kama jina ni geni. Yeye ndiye aliyeipa Bond ile sauti yake ya tarumbeta na fitina. Mwaka wa 1966 alitunga muziki wa Born Free, stori ya simba Elsa na Joy Adamson kule Meru. Akashinda Oscar mbili kwa muvi hiyo moja, ya muziki na ya wimbo. Karibu miaka 20 baadaye akarudi na Out of Africa, akashinda tena.

Kwa hivyo ukihesabu, Mwingereza mmoja amebeba Oscar tatu kwa kutungia Kenya muziki. Na si Oscar tu. Yeye ndiye aliyeamua Kenya isikike vipi kwa watu ambao hawajawahi kufika. Kila tangazo la safari lenye fidla nyingi, ndege ndogo, twiga na machweo, limenakili kitu kutoka kwa John Barry hata kama aliyelitengeneza hajui.

Anafanyaje? Si ngumu kuelezea. Melodi ni ndefu na iko polepole. Fidla nyingi zinaishika kwa pamoja, halafu baragumu zinaingia chini kama mtu anavuta pumzi. Hakuna haraka. Nafasi kati ya noti ni kubwa, na hiyo nafasi ndiyo inayofanya kazi. Muziki unakwambia: mahali hapa ni pakubwa kuliko wewe. Kuna sehemu Finch Hatton na Karen Blixen wako angani kwenye ile ndege ya manjano, hakuna anayeongea, muziki peke yake unaongea.

Sasa jaribu hii. Panda SGR kutoka Nairobi, kiti cha dirishani, subiri mpite Mtito Andei, uweke huo muziki. Nyika inafunguka, udongo mwekundu, ndovu wekundu kwa sababu ya udongo huo, milima ya Taita inajitokeza mbele. Manze, inafanya kazi. Nakubali kabisa. Barry aliskia ukubwa wa hii nchi na akaushika vizuri kuliko wengi.

Lakini angalia ni kitu gani hakipo. Ni muziki wa mtu aliye juu, anaangalia chini. Ukiwa kwenye ndege, nyika ni tupu na ni nzuri. Ukiwa chini, nyika hiyohiyo ina mtu anachota maji, ina shamba la mkonge, ina ndovu ameingia kwa mahindi ya shosho usiku. Muziki wa Barry hauna hata mlio mmoja wa jikoni. Ndiyo maana unatufurahisha halafu unatuacha nje. Tunaiangalia nyumba yetu kupitia dirisha la mgeni, na tunasema, kumbe ni pazuri hivi?

Ndovu wa sarakasi

Kuna ngoma nyingine unaijua hata kama hujui unaijua: Baby Elephant Walk. Ile ya kuchekesha, inayotembea tambatamba, watu huiweka kwa video ya mtoto mnene anayejifunza kutembea. Ilitoka kwenye Hatari!, muvi ya John Wayne ya 1962, iliyopigwa Tanganyika upande wa Arusha. Hata jina ni Kiswahili. Mtunzi ni Henry Mancini. Aliona picha za ndovu wachanga wakielekea majini, akasema mwendo wao unamkumbusha boogie-woogie, yaani piano ya dansi ya Wamarekani weusi. Akaiandika hivyo, akaongeza kinanda cha sarakasi.

Inaingia kichwani vibaya sana. Na kwa kweli imeshika kitu: ndovu mchanga hutembea hivyo, kama suruali imemzidi. Ukienda Tsavo Mashariki, kwenye zizi la Voi ambapo ndovu mayatima wa Sheldrick hulelewa kabla ya kurudi porini, utaona mwendo huohuo.

Lakini ndovu mwenyewe ana muziki wake, na hakuna okestra inayoweza kuupiga. Tangu miaka ya themanini watafiti wamethibitisha kwamba ndovu huongea kwa mngurumo wa chini mno, chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kuskia, na sauti hiyo husafiri kilomita kadhaa. Kazi nyingi ya kuwasikiza ilifanywa Amboseli, jirani tu hapo. Kwa hivyo ukisimama pembeni ya uzio jioni na kuona ni kimya, si kimya. Kuna mazungumzo yanapita katikati ya kifua chako. Siku mtunzi wa hapa atachukua ile sauti, aipandishe kidogo tuweze kuiskia, aijengee beat, mtaniambia.

Hakuna Matata, lakini kuna matata

Sasa twende kwa ile kubwa. The Lion King, 1994. Watengenezaji wake walikuja Kenya kutafiti, wakatembelea Hell's Gate kule Naivasha. Majina ni yetu: Simba, Rafiki, Shenzi, hata Pumbaa, ambalo linatoka kwa kitenzi tunachokitumia tukimuona mtu amezubaa. Lakini ule mlio wa mwanzo, jua linachomoza na mtu anapaza sauti hadi ngozi inasimama, si Kiswahili. Ni Kizulu, na ni wa Lebo M, Mwafrika Kusini aliyekuwa ameishi uhamishoni Marekani. Hans Zimmer alishinda Oscar ya muziki, Elton John na Tim Rice wakashinda ya wimbo.

Kwangu mimi Lebo M ndiye aliyeiokoa hiyo muvi. Bila yeye ingekuwa katuni nzuri yenye piano. Yeye aliweka ndani sauti ya mtu ambaye anajua maana ya kutolewa kwenu na kutaka kurudi, na hiyo ndiyo stori ya Simba. Ndiyo sababu inapiga hata kama hujui neno moja la Kizulu.

Halafu kuna Hakuna Matata. Hapa watu wa Pwani lazima tuweke rekodi sawa. Miaka 12 kabla ya Disney, mwaka wa 1982, bendi ya Them Mushrooms ilitoa Jambo Bwana. Walikuwa wakipiga kwa hoteli za Pwani, na wimbo ulitungwa kuwachangamsha watalii, kuwafundisha Kiswahili cha dakika tatu. Yale maneno mawili yako ndani. Mwaka wa 1983 Boney M wakatoa toleo lao na wakayaweka maneno hayo kwenye jina la wimbo. Kwa hivyo kufika 1994 msemo huu ulikuwa tayari umezunguka dunia kwa mgongo wa bendi ya Kenya.

Mwaka huohuo wa 1994 Disney waliomba Marekani wasajiliwe Hakuna Matata kama alama yao ya biashara kwa bidhaa kama nguo. Walipewa 2003. Wengi wetu tulijua tu 2018, wakati mwanaharakati Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la mtandaoni la kupinga, likapata saini zaidi ya 100,000. Tuelewane vizuri hapa, manake mtandaoni watu walizidisha chumvi. Alama ya biashara haimaanishi ukisema "hakuna matata" utashtakiwa. Inahusu nani anaruhusiwa kuuza fulana yenye maneno hayo huko Marekani. Sheria ni hiyo. Lakini swali la watu lilikuwa la heshima: msemo ambao mama anautumia kila siku sokoni, unawezaje kuwa na mwenyewe Los Angeles?

Na 2019 wakarudia muvi. Beyoncé akatengeneza albamu nzima ya kuandamana nayo, The Gift. Wimbo wake mmoja, Spirit, unaanza na mwito wa Kiswahili. Ndani ya albamu kuna wasanii wa Nigeria, Ghana, Cameroon, Afrika Kusini. Kutoka Kenya? Tanzania? Uganda? Hakuna. Wakenya mtandaoni waliwaka, na kwa mara moja walikuwa na haki ya kuwaka. Majina yetu, mandhari yetu, lugha yetu, lakini ikifika kwa kipaza sauti, hatukuitwa.

Gemu iliyofundisha dunia kusali Kiswahili

Kama hujawahi kucheza Civilization IV, si shida, ni gemu ya 2005, ya wale wanaopenda kujenga himaya polepole usiku kucha. Lakini muziki wake wa mwanzo, Baba Yetu, umeuskia. Kwaya, ngoma, okestra, na maneno ambayo mtoto yeyote aliyesimama gwaride ya shule Mwatate au Wundanyi anayajua kwa kichwa. Ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili.

Mtunzi ni Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina. Alisoma Stanford na Soren Johnson, aliyekuja kuwa mbunifu mkuu wa gemu hiyo, na kwaya iliyoimba mara ya kwanza ni Talisman, ya wanafunzi wa chuo hichohicho. Baadaye alirekodi upya na Soweto Gospel Choir kwa albamu yake ya 2009. Februari 2011 Baba Yetu ikawa kazi ya kwanza ya muziki wa gemu kuwahi kushinda Grammy. Soma tena. Wimbo wa kwanza wa gemu kushinda Grammy duniani, uko kwa Kiswahili.

Kwa nini unapiga hivyo? Kwa sababu mpangilio wake ni wa kuitana na kuitikia. Mmoja anaanza, wengi wanajibu. Hiyo tunaijua kutoka kanisani, kutoka kwa matanga, kutoka harusi, kutoka kwa wamama wakipalilia shamba. Skrini inaonyesha dunia inazunguka angani, na kwaya inaimba kama kijiji. Mchezaji aliye Poland au Korea haelewi neno hata moja lakini anaelewa kwamba hawa watu wako pamoja.

Kwa Mtaita kuna kitu cha ziada. Hii sala haikushuka tu. Wamisionari wa CMS, Krapf na Rebmann, walianzia Rabai miaka ya 1840, Krapf akishughulika na kutafsiri Kiswahili, Rebmann akitembea kwa miguu hadi Taita mwaka wa 1847 na mwaka uliofuata akauona Kilimanjaro. Mwaka wa 1883 CMS ikafungua misheni Sagalla, ule mlima unaouona ukiwa Voi. Kwa hivyo haya maneno yalipanda Sagalla kwa miguu, yakakaa vinywani mwa babu zetu zaidi ya miaka mia, yakatokea California ndani ya gemu, yakapitia Soweto na kufika jukwaa la Grammy.

Ila kuna kitu kinanikera. Fungua gemu lenyewe. Kiswahili kinakukaribisha mlangoni. Ingia ndani uchague ustaarabu wa kuongoza: kuna Waajemi, Warumi, Wamongolia, Wajapani, kuna Misri na Mali. Waswahili hawapo. Hata baada ya nyongeza mbili zilizoleta Wazulu na Wahabeshi, bado hawapo. Kilwa ilikuwa ikitengeneza sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya Marekani kuwepo, na Marekani iko kwenye orodha. Sisi tuko kwa spika, hatuko kwa ramani.

Na sasa, Mtaita mwenyewe

Mpaka hapa nimetaja Waingereza, Wamarekani, Wajerumani, Waafrika Kusini. Ni wakati wa kumtaja wa kwetu.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita Taveta mwaka wa 1938. Jina lake la mwisho lenyewe linakwambia anatoka wapi. Yeye na bendi yake, Jambo Boys, ndio waliorekodi Malaika kwa namna iliyoufanya wimbo huo ujulikane. Baada ya hapo ukaenda wenyewe. Miriam Makeba aliuimba. Mwaka wa 1965 aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya pamoja, na albamu hiyo ikashinda Grammy. Boney M wakautoa 1981. Angélique Kidjo naye akauimba. Yaani miaka 45 kabla ya Baba Yetu, wimbo ambao dunia iliujua kupitia kijana wa Taita ulikuwa tayari umefika kwenye albamu ya Grammy, kwa Kiswahili.

Na ni wimbo wa aina gani? Wa kijana anayempenda msichana, anataka kumuoa, mfuko umetoboka. Basi. Haina simba, haina machweo, haina ndege ya manjano. Ndiyo sababu inapita kila mpaka. Kukosa mahari hakuhitaji kutafsiriwa.

Lakini nani aliutunga? Hapa ndipo shida iko. Fadhili alidai ni wake, na ndiye aliyetambuliwa na wengi. Wengine wanasema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania. Kuna Wakenya wengine pia waliodai. Sitajifanya jaji. Ninachotaka uone ni namna pesa ya muziki wa muvi inavyofanya kazi. Muvi au gemu ikitaka kutumia wimbo, inalipia vitu viwili tofauti: utunzi wenyewe, yaani maneno na melodi, na ile rekodi maalum. Kila kimoja kina mwenyewe. Kama hakuna karatasi inayosema mwenye utunzi ni nani, au zipo karatasi tatu zinazopingana, pesa inakwama, inapotea, au inaenda kwa mwenye wakili. Fadhili alifariki Februari 2001. Malaika bado inaimbwa kila mahali, na ubishi bado upo.

John Barry alikuwa na karatasi. Zimmer alikuwa na karatasi. Disney walikuwa na karatasi hata ya maneno mawili ya Kiswahili. Sisi tulikuwa na wimbo.

Kwa hivyo tufanye nini?

Kuna njia nyingine, na tumeiona. Black Panther, 2018. Ludwig Göransson ni Mswidi, mgeni kama wale wengine wote. Lakini kabla hajaandika noti moja alisafiri hadi Senegal, akazunguka ziarani na Baaba Maal, akaskiza, akauliza kila ala ina maana gani. Ngoma ya tama, ile "inayoongea", ikawa ya T'Challa. Filimbi ya Wafulani ikawa ya Killmonger. Sauti ya kwanza kubwa unayoiskia Wakanda ni ya Baaba Maal mwenyewe, na jina lake liko. Göransson akashinda Oscar 2019.

Na angalia ulimwengu ulivyo mdogo: John Kani, yule mzee wa Afrika Kusini aliyeigiza Samuel, mtu wa Patterson, kwenye The Ghost and the Darkness, ndiye Mfalme T'Chaka wa Wakanda, na ndiye sauti ya Rafiki kwenye Lion King ya 2019. Mwaka wa 1996 alikuwa msaidizi wa mzungu pale Tsavo. Mwaka wa 2018 ni mfalme. Kitu kimebadilika, na muziki ulibadilika pamoja nacho.

Lakini hatuwezi kungoja kila mara Mswidi mwenye adabu aje kutuuliza. Wenye kujua mwazindika, ile ngoma ya Wataita ya kuita na kutuliza pepo, wanazeeka. Ukienda sherehe kule milimani utaiskia, lakini nani anairekodi vizuri, na maikrofoni, na jina la mpigaji limeandikwa? Simu yako inatosha kuanza. Wewe unayetengeneza beat hapo Kaloleni au Mwatate, badala ya kushusha ngoma za "Afrika" zilizorekodiwa studio ya Berlin, nenda kwa yule mzee, mlipe, muandikiane hata kwa karatasi ya daftari nani amepiga nini, halafu usajili kazi na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Inawezekana kwa mtandao. Inaboesha, najua. Lakini karatasi ndiyo tofauti kati ya Barry na Fadhili.

Mwaka wa 2015 studio ya Nairobi, Black Division Games, ilitoa Nairobi X, gemu ya kupiga risasi inayochezewa mitaa ya Nairobi. Kwa hivyo gemu za kwetu zipo, na zitaendelea kuja. Zikifika Tsavo zitahitaji muziki. Zitahitaji treni ya zamani ikipiga honi Voi usiku, zitahitaji mwazindika, zitahitaji kwaya ya Sagalla, zitahitaji ule mngurumo wa ndovu usioskika. Vitu hivyo vyote viko hapa, na aliye karibu navyo zaidi ni wewe.

Niambieni: kama muvi ya simba wa Tsavo ingepigwa upya leo, na ipigwe hapa, nani angetunga muziki? Tajeni msanii wa Taita Taveta, si wa Nairobi. Nataka orodha ndefu.